Nyumba yao naiona dirishani, kwenda kwa gari ni kilomita 2.4: upenyo wa uzio uzibwe au uachwe?

#1 Kona_ya_Mwisho

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka aruke aya za katikati.

Naishi kwenye mtaa wa kupangwa, ile mitaa ambayo kabla ya nyumba ya kwanza kusimama mchoro ulishakamilika: barabara hapa, bustani pale, shule kule, rangi za ukuta tatu tu za kuchagua. Huu ni mwaka wa tatu. Nilihamia kwa sababu moja, ukimya, na sikudanganywa. Ukimya upo. Usiku nasikia friji ikizima na kuwaka. Gari likiingia mtaani najua ni la nani kabla sijachungulia, maana haliwezi kuwa la mpita njia. Mtaa wetu umekaa kama kibuyu: shingo moja ya kuingilia, halafu tumbo la mviringo lenye nyumba kumi na moja, basi. Hakuna kutokea.

Nyuma ya nyumba yangu kuna uzio wa mbao. Nyuma ya uzio kuna kibuyu kingine, mgongo kwa mgongo na chetu, na huko ndiko anakokaa rafiki wa binti yangu. Taa ya jikoni kwao ikiwaka naiona. Kwa gari unatoka shingoni kwetu, unashika barabara kubwa ya mtaa, unazunguka bwawa, unaingia shingoni kwao. Nimepima kwa kipima mwendo cha gari, kilomita 2.4. Kupitia uzioni ni hatua 31. Hizo nazo nimezihesabu.

Mwaka jana ubao mmoja ulilegea msumari wa chini. Ukiusukuma unazunguka juu kwa juu, mtoto anapita, unarudi wenyewe mahali pake. Baadaye ubao wa pili nao ukalegea (sitasema nani aliulegeza). Sasa hata jirani yangu, mama mtu mzima, anapita hapo kwenda kituo cha basi, kwa sababu kituo kiko upande wa pili. Nyasi zimekufa, udongo umekuwa mgumu na unang'aa. Pameshakuwa njia.

Wiki iliyopita nimeletewa barua na kamati ya wakazi. "Uharibifu wa mali ya pamoja." Nimepewa siku 14 niuzibe upenyo kwa gharama zangu kwa kuwa unapakana na kiwanja changu. Kabla ya hapo kuna mkutano, na naruhusiwa kuzungumza.

Naombeni hoja, za kunipinga pia. Nawasilisha.

#2 Mzee_wa_Kimya

Uzibwe. Ulihamia kutafuta ukimya, sasa unataka njia ipite mgongoni mwako. Amua moja.

#3 Zamu_ya_Usiku

Mimi nafanya kazi usiku, nalala saa moja asubuhi wenzangu wakiamka. Wanaosema mitaa hii imekufa hawajawahi kuhitaji kulala saa nne asubuhi. Nilipokuwa nakaa katikati ya mji nilikuwa nalala kwa vipande, kama mtu anayekula akiwa amesimama. Hapa nalala saa sita mfululizo. Kwa hiyo sitaubeza ukimya hata siku moja.

Ila niseme kinachoniamsha. Watoto hawaniamshi, wala magari. Ni mashine za kukata nyasi na vile vipulizia vya majani. Mkataba wetu una kifungu kinachokataza kelele, na chini yake, ukurasa ule ule, kuna kifungu kinacholazimisha nyasi zisizidi urefu fulani. Aliyeandika ukurasa ule hakuwahi kulala mchana.

Watu wanaopita kwa miguu hawana kelele. Uache.

#4 FundiRamani

Mleta uzi, kazi yangu ni kuchora makazi na vibuyu nimechora vingi, nakiri mapema.

Ukimya wenu haukuletwa na miti wala na ustaarabu wa wakazi. Umeletwa na kukata njia. Barabara ikikosa pa kutokea, anayeingia ni mkazi na mgeni wake tu. Wachoraji waliligundua hili kwa sababu kelele za magari hazipungui kwa hesabu ya sokoni: ukiondoa nusu ya magari barabarani, sauti inashuka desibeli 3 tu, na sikio linaitambua tofauti hiyo kwa shida. Ukitaka mtu aseme "hapa kumetulia" lazima uyaondoe karibu yote. Lakini magari hayo hayakuyeyuka, yamerundikwa kwenye ile barabara kubwa mnayozunguka nayo bwawa. Kawaulize wenye nyumba za kandokando yake kama nao wana huo ukimya.

(Na hilo bwawa, kama ni la kawaida ya mitaa hii, halikuchimbwa kwa ajili ya bata. Lipo kupokea maji ya mvua kutoka kwenye mapaa na lami yenu ili yasiende kuwafurika walio chini. Kwenye kipeperushi cha mauzo likaitwa ziwa.)

Sasa upenyo. Wazo la kuutuliza mtaa kwa mchoro lina umri. Mwaka 1869 Olmsted na Vaux walichora Riverside, Illinois, wakazikunja barabara makusudi ili mtu asione haja ya kukimbia. Uingereza mji wa Letchworth ukaanza mwaka 1903 kwa mawazo ya Ebenezer Howard ya miji-bustani. Lakini babu wa kibuyu chako ni Radburn, New Jersey, mwaka 1929, kazi ya Clarence Stein na Henry Wright. Pale nyumba zilipewa nyuso mbili. Uso mmoja unatazama kijibarabara cha gari kisichotokea. Uso wa pili unatazama bustani, na ndani ya bustani kuna njia ya miguu inayounganisha nyumba zote, na inapofika kwenye barabara kubwa inapita chini yake. Mtoto alitakiwa afike shule bila kukutana na gari hata moja.

Mdororo wa uchumi ukaingia mwaka ule ule, ikajengwa sehemu ndogo tu. Waliofuata wakanakili kibuyu na kuiacha njia. Sababu ni nyepesi: kibuyu kinauzika, njia ya miguu inakula ardhi ambayo ingetoka viwanja viwili vya ziada. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo. Njia huwa ndiyo ya kwanza kufutwa.

Kama unataka mfano wa waliomaliza kazi, uko Houten, Uholanzi, mji uliopanuliwa kwa mpango kuanzia miaka ya 1970. Ukitaka kwenda mtaa mwingine kwa gari, unatoka kwanza hadi barabara ya mzunguko nje ya mji, halafu unaingia tena. Kwa baiskeli au kwa miguu unakatiza katikati. Vibuyu kwa gari, uwanja wazi kwa mtu. Wako kimya na wanatembeleana.

Kwa hiyo mkutanoni usiseme ubao umeng'oka. Sema mchoro ulipungukiwa na wakazi wameukamilisha.

#5 Mzee_wa_Kimya

Umeandika kitabu mkuu. Mbona hukugusia wezi? Njia ya nyuma ya nyumba ni zawadi kwa mwizi. Anaingia kibuyu hiki, anatokea kile, gari la doria linazunguka kilomita mbili kumfuata.

#6 FundiRamani

Hapo umenibana kihalali. Waingereza wana mwongozo wa polisi wa kukagua michoro ya makazi, na ndani yake mitaa isiyotokea inasifiwa kwa usalama ila ile yenye vichochoro vya miguu nyuma yake inatiliwa mashaka. Kichochoro kirefu, chembamba, cha giza, pasipo dirisha hata moja la kukitazama, hata mimi nakikataa.

Ndiyo maana urefu na macho vina uzito kuliko kuwepo au kutokuwepo. Mleta uzi, ukisimama upande mmoja wa upenyo unaona upande wa pili? Kuna dirisha linalotazama pale?

#7 Kona_ya_Mwisho

Unaona moja kwa moja, ni unene wa uzio tu. Madirisha ni mawili, la jikoni kwangu na la nyumba inayopakana nami upande wa kushoto.

#8 Katibu_Mstaafu

Nimekaa kwenye kamati kama hiyo miaka sita. Niwape ya jikoni.

Barua haijiandiki. Kamati hazizunguki kukagua mbao, hazina muda huo. Kuna mtu amelalamika, na akilalamika kwa maandishi kamati inabanwa: isipochukua hatua, kesho mtu akiumia pale wataulizwa mlijua lini. Kwa hiyo usiingie mkutanoni na hasira. Wale watu watano wamekaa pale bila malipo, na nusu ya barua wanazopokea zinahusu kinyesi cha mbwa.

Cha kufanya. Soma mkataba wako uone uzio ni wa nani. Ukiwa wa pamoja, hawawezi kukubebesha gharama wewe peke yako, na barua yao ina kasoro hapo. Pili, usiombe msamaha, omba badiliko: kigeti chenye bawaba na komeo badala ya ubao unaoning'inia. Ubao ni uharibifu, kigeti ni maboresho. Kwenye muhtasari wa kikao hayo ni maneno mawili yenye hatima tofauti kabisa. Tatu, na hii ndiyo kubwa, njoo na sahihi ya kila kiwanja kinachogusa mahali hapo. Kamati inaogopa jirani anayepinga kuliko inavyoogopa mchoro wowote.

Nyumba ya kushoto wanasemaje?

#9 Kona_ya_Mwisho

Hapo ndipo penye mfupa.

Sijawahi kuongea nao. Miaka mitatu. Tunapungiana mkono tukiwa ndani ya magari. Na kuna jambo niliruka kwenye uzi wa kwanza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza hapa kijana wao alikuwa anajifunza tarumbeta. Kila siku jioni, sentensi moja ya muziki, anakosea mahali pale pale, anarudia. Nilivumilia mwezi. Kisha nikaandika barua kwa kamati, bila kugonga mlango wao kwanza. Barua ya heshima, kifungu nimekitaja na saa nimeziorodhesha. Tarumbeta ikanyamaza wiki ile ile na haijasikika tena.

Sasa ndio nahitaji sahihi yao.

#10 Punje_Moja

Nimecheka mpaka nimeamsha mtoto 😂😂 Dunia ni kibuyu kweli.

#11 Mzee_wa_Kimya

Kwa hiyo na wewe ni mimi.

#12 Kona_ya_Mwisho

Ndiyo mkuu. Ni wewe.

#13 Msomaji_wa_Mikataba

Nitoke nje ya mada kidogo, ila si mbali.

Mnazungumza kama kanuni za mitaa hii zilizaliwa kulinda usingizi. Someni za Levittown, mtaa wa kupangwa wa New York, zilizoanza mwaka 1947. Ilijengwa kwa kasi ya kiwanda, nyumba zaidi ya 17,000 ndani ya miaka michache. Mkazi alikatazwa kuweka uzio, alikatazwa kuanika nguo nje mwisho wa wiki, alitakiwa kukata nyasi. Na kwenye karatasi hizo hizo kulikuwa na sharti kwamba asiye mzungu asikae kwenye nyumba hiyo, labda awe mtumishi wa ndani. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba masharti ya rangi hayawezi kutekelezwa na mahakama, na bado kampuni iliyoijenga Levittown iliendelea kukataa kuwauzia weusi. Kwenye Levittown ya pili, ya Pennsylvania, familia ya kwanza ya weusi, William na Daisy Myers, ilihamia mwaka 1957. Makundi ya watu yalikusanyika nje ya nyumba yao usiku baada ya usiku, wakirusha mawe na kupiga makelele. Mtaa tulivu huo.

Simwambii mtu hapa kwamba ni mbaguzi. Nasema tu, mtu akisimama kikaoni na kusema "upenyo unaleta watu tusiowajua", aulizwe kwa upole ni watu gani hao. Kwa mleta uzi, nijuavyo mpaka sasa, ni watoto wawili na mama mmoja anayewahi basi.

#14 Zamu_ya_Usiku

Naongeza jambo dogo. Columbia, Maryland, ule mji wa James Rouse ulioanza mwaka 1967, waliweka masanduku ya barua ya nyumba kadhaa mahali pamoja, badala ya kila nyumba na lake, makusudi watu wakutane wakifuata barua. Sisi huku mtaani tunayo yamekaa hivyo hivyo, ila nadhani ni kumpunguzia mpeleka barua kazi. Na kila mtu anayafuata kwa gari, dirisha limeteremshwa, injini inaunguruma.

Dada, kagonge mlango. Na usipeleke karatasi siku ya kwanza.

#15 Katibu_Mstaafu

Apeleke siku ya kwanza. Akienda mara mbili ataonekana mara ya kwanza alikuwa anapima.

#16 Punje_Moja

Tunasubiri mrejesho. Tusije tukaachwa njiani kama zile nyuzi nyingine.

#17 Kona_ya_Mwisho

MREJESHO.

Nimekwenda jumamosi saa kumi jioni. Nilipita kwa miguu, na hapo niligundua kwamba kutoka mlangoni kwangu mpaka mlangoni kwao hakuna njia ya miguu. Kuna njia yangu ya gari, kuna barabara, kuna njia yao ya gari. Nilikatiza kwenye nyasi zao nikijihisi mwizi.

Alifungua baba mwenye nyumba. Nikajitambulisha, nikamwonyesha nyumba yangu kwa kidole kama mtu anayetoka mbali. Akaniangalia, akasema, "Wewe ndiye wa barua."

Nikasema ndiye.

Hakunikaribisha mara moja. Tukasimama pale mlangoni. Nikamwambia nilipaswa kuja kwanza, sikuja, na leo nimekuja kwa sababu nina shida yangu, nisimdanganye. Nikampa karatasi. Akaisoma yote mpaka chini, akaniuliza, "Ule ubao wa pili uliulegeza wewe?" Nikasema ndiyo, kwa bisibisi. Hapo akacheka kidogo, ndipo akasogea mlangoni nipite.

Kumbe aliyelalamika kuhusu upenyo si yeye. Yeye jikoni kwake anawaona watoto wakipita na hajali. Kinachomkera ni ubao kugonga usiku kukiwa na upepo, ta, ta, ta, na anaamini mimi nausikia na nimeamua kunyamaza. Ukweli ni kwamba chumba changu kiko upande mwingine wa nyumba. Sikuwahi kuusikia. Yeye mwaka mzima analala na kelele yangu, na hakuniandikia barua.

Kijana tarumbeta hakuiacha. Anakwenda kufanyia mazoezi shuleni, na baba yake anamfuata kwa gari mara tatu kwa wiki kwa sababu basi limeshapita saa hizo.

Amesaini. Ana masharti mawili: kigeti kifungwe kwa komeo kuanzia saa tatu usiku, na jumamosi alasiri kijana apige nyumbani kwa muda wa saa moja. Sikujadili.

Mkutano ulikuwa jumanne. Nilifuata ushauri wa Katibu, nikaanza na umiliki wa uzio: ni wa pamoja kweli, wakaiondoa hoja ya gharama kabla sijamaliza sentensi. Nikaonyesha mchoro, hatua 31 na kilomita 2.4. Mjumbe mmoja akauliza kuhusu usalama, nikajibu kwa madirisha mawili. Kisha yule mama wa kituo cha basi akasimama. Hakuwa na hoja ndefu. Alisema kwa kuzunguka barabarani anatumia dakika thelathini na tano, na sehemu ya bwawani haina njia ya miguu, kwa hiyo anatembea ukingoni mwa lami magari yakimpita mgongoni. Nadhani wengine pale walikuwa wanayaendesha magari hayo.

Wamekubali kigeti kwa majaribio ya miezi sita. Kura nne kwa moja. Aliyepinga nampa haki yake, alisema vibuyu vingine vinne vitaleta maombi kama haya mwezi ujao, na naona atakuwa sahihi.

#18 FundiRamani

Waleteni. Nitawachorea bure.

#19 Mzee_wa_Kimya

Hongera dada. Bado nasema ungeuziba, ila hongera. Tarumbeta ikoje?

#20 Kona_ya_Mwisho

Bado anakosea pale pale.

Wakuu, swali la mwisho. Kigeti kimewekwa ijumaa, bawaba ni za springi ili kijifunge chenyewe, na kinajifunga kwa kishindo. Sasa hata mimi chumbani nakisikia. Mtu kila akipita, paa! Leo mama amepita saa kumi na moja alfajiri na nyumba tatu zimewasha taa. Nifanyeje kabla hawajaandika barua?

#21 Katibu_Mstaafu

Legeza springi kwanza. Nyingi zina pini unayorudisha nyuma tundu moja moja. Halafu pigilia kipande cha mpira kwenye nguzo pale mlango unapopigia, mpira wa tairi la baiskeli unatosha.

#22 Zamu_ya_Usiku

Na grisi kwenye komeo, si kwenye bawaba tu. Fanya leo, kabla ya saa tatu.